Mogesi Aliyeaga Mapema

Mwaka ule wa sabini na sita, redio ilipotangaza kwamba vyama vya ushirika vinavunjwa, wanawake wa stoo ya kahawa pale Nyamwaga waliacha kuchambua wakatazamana. Walikuwa kumi na mmoja, wamekaa chini juu ya magunia, kila mmoja na ungo wake, kazi yao kutenga buni nzuri na ile iliyooza au kutobolewa na wadudu. Redio ilikuwa ya meneja, ndani ya ofisi, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Hakuna aliyeelewa vizuri. Philomena, ambaye hakuweza kukaa na neno mdomoni hata dakika moja, akauliza kwa sauti, "Sasa sisi tutakwenda wapi?" Akajijibu mwenyewe kwamba serikali haiwezi kuwatupa.

Mogesi hakusema kitu. Aliendelea kupepeta. Ndiye aliyekuwa mkubwa wao kwa umri, na alikuwapo tangu siku stoo inafunguliwa, miaka kumi na mitatu nyuma, bati likiwa bado linang'aa na wanaume wakicheka kwamba mwanamke mwenye nyumba yake anakwenda kulipwa mshahara kwa kuokota mbegu. Katika miaka hiyo yote alikosa kazi siku nne tu, zote za msiba wa mume wake, Heche. Siku ya tano alikuwa juu ya gunia lake, macho yamevimba, ungo mkononi. Mtu wa namna hiyo akinyamaza, ujue kuna jambo analipanga.

Na jambo lake lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa Robi.

Heche alimwacha bila mtoto. Walizaliwa watatu, wakafa wote watatu kabla ya kutambaa. Kwa Wakurya nyumba kama hiyo haiachwi izimike. Mwanamke mwenye nyumba anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, msichana akazaa, na watoto wakawa wa nyumba ile, wakabeba jina la marehemu na kurithi shamba lake. Ndiyo nyumba ntobhu. Walimu na wauguzi wanaoletwa na serikali kutoka mikoa mingine, wakisikia mwanamke ameoa, hushika vichwa. Washike tu. Mogesi alimwoa Robi, binti wa Kisyeri wa Itiryo, kwa ng'ombe kumi na wawili: watano kwanza, saba baadaye. Wale watano walitoka katika mishahara ya miaka sita, mmoja mmoja, na kila mmoja Mogesi alimpeleka Itiryo kwa miguu yake mwenyewe.

Sasa Robi alikuwa na mimba ya miezi sita. Mwanamume aliyeitia hahesabiki katika habari hii, wala katika ukoo. Waliohesabika ni wale ng'ombe saba, kwa sababu Kisyeri alikuwa amesema wazi mbele ya wazee: mtoto akizaliwa kabla hawajafika, atapewa jina Itiryo, na atakua Itiryo.

Kwa hiyo redio iliposema, Mogesi hakulia wala hakulalamika. Alikuwa amesikia habari ya kiinua mgongo. Karani wa stoo, Telesphory, aliwahi kuwaeleza wakati wa chai kwamba mtu akimaliza kazi hupewa fedha kwa hesabu ya miaka aliyotumika. Mogesi aliishika sana hiyo ya miaka. Miaka kumi na mitatu! Ukiikokotoa kwa mshahara wake, ilitoa karibu shilingi elfu tatu, na elfu tatu pale mnadani zilikuwa ng'ombe saba na chenji ya chumvi. Ila jinsi ya kumaliza hiyo kazi hakuuliza, kwa kuwa alidhani anajua.

Alijua kutoka kwa baba yake. Marehemu alichunga ng'ombe wa tajiri mmoja kwa miaka tisa. Alipoona watoto wa tajiri wamekua na wanaweza kuchunga wenyewe, hakungoja. Alichukua kibuyu cha maziwa, akaenda kwa yule tajiri asubuhi, akasema, "Nimekuja kuomba njia." Tajiri akaita majirani, akaingia zizini mbele yao, akachagua mtamba mweusi, akampa kamba mkononi. Ndivyo ilivyokuwa. Mchungaji mwenye adabu aliomba njia akapewa mtamba. Aliyekaa akangoja mpaka aambiwe toka, alitoka na fimbo yake tu, na watu wote walijua kuna kosa amefanya.

Mogesi akaona mambo ni yale yale. Serikali imemwambia meneja afunge nyumba. Meneja ni kijana mwenye heshima, ataona haya kuwafukuza wanawake wanaoweza kumzaa. Basi yeye, mkubwa wao, atamwondolea aibu hiyo. Hakumwambia mtu, hata Philomena. Kumwambia Philomena ilikuwa sawa na kulitangaza kanisani.

Jumatatu alivaa kitenge chake cha Jumapili. Mkono mmoja kuku jike aliyenona, mkono mwingine kibuyu cha maziwa ya mgando. Aliwapita wenzake wamekaa juu ya magunia, akaenda moja kwa moja ofisini.

"Shikamoo, mama," akasema meneja, Ndugu Ponsiano, akiinuka kitini. Alikuwa Mhaya kutoka Bukoba, mwaka wa pili pale Nyamwaga, na wanawake walimpenda kwa sababu hakuwahi kumpigia mtu kelele.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuaga."

"Kuaga? Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Nimefanya kazi, imetosha. Naomba njia."

Ponsiano alimtazama kuku, akamtazama Mogesi. Barua yoyote kutoka juu hakuwa nayo. Yeye naye alikuwa amesikia redio tu kama wengine. Alijua kwamba kwa huyu mama kuna Robi mjamzito, na kwamba magoti yake siku hizi yanalia akiinuka. Akauliza, "Umefikiri vizuri, mama?"

"Mimi ni mtu mzima."

Ikaisha. Telesphory akaitwa, akaweka karatasi kwenye mashine ya chapa. Kabla hajaanza akageuka. "Mama, niandike kwamba unaacha kwa hiari yako?"

"Sasa kwa hiari ya nani? Kuna mtu amenifukuza hapa?"

Alilisema kwa majivuno, jamani. Telesphory alipomsomea barua, yale maneno "kwa hiari yangu mwenyewe" yalimfurahisha mpaka akaomba yarudiwe. Kisha akatia dole gumba chini, akapangusa wino kwenye nywele zake.

Ponsiano alimsindikiza mpaka barabarani, akampa kilo mbili za sukari. Wakati ule watu walipanga foleni ya sukari tangu alfajiri wakarudi na mifuko mitupu, kwa hiyo zawadi ilikuwa nzito na ilitoka moyoni. Mogesi akashukuru. Lakini alisimama pale kidogo, akingoja. Meneja akampungia mkono akarudi ndani. Mogesi akajituliza njia nzima: mtamba hutolewa mbele ya watu. Atawaita watu.

Na kweli, wiki ya tatu watu waliitwa. Philomena alikuja mbio mpaka uani kwa Mogesi, kilemba kimefunguka. "Kesho malipo! Stoo inafungwa, afisa anatoka Musoma, wanatupa kiinua mgongo wote!" Mogesi akamwambia Robi, "Umesikia?" Robi akaweka mikono juu ya tumbo lake akacheka. Jioni ile Mogesi alipeleka ujumbe kwa mtu wa mnada amtazamie mitamba saba, si wakubwa sana, wenye afya.

Meza iliwekwa nje mbele ya stoo. Afisa alikuwa mtu mnene mwenye miwani, na daftari lake lilikuwa jipya. Alisoma majina, mmoja mmoja akaenda, akatia sahihi au dole, akapokea bahasha. Philomena, miaka tisa, shilingi elfu moja na mia tisa. Alipiga kigelegele papo hapo. Mlinzi wa stoo, ambaye alikutwa amelala zamu si mara moja wala mbili, naye akapata bahasha yake, akaihesabu huku anapiga miayo. Mogesi alisimama pembeni na kitenge chake cha Jumapili. Alikuwa na hakika kwamba mkubwa huitwa mwisho.

Afisa akafunga daftari.

"Bado mimi," akasema Mogesi.

"Jina?"

Akalitaja. Afisa akafungua tena, akapitisha kidole kutoka juu mpaka chini, akarudia. Akamtazama Telesphory. Telesphory alikuwa ameinama, anatazama viatu vyake. Bila kuinua uso akaingia ofisini, akatoka na faili, akampa afisa karatasi moja. Afisa akaisoma kwa sauti, yote, mpaka kwenye hiari yangu mwenyewe.

"Mama, wewe uliacha kazi," akasema. "Kiinua mgongo ni cha mtu anayeachishwa na mwajiri. Anayeacha mwenyewe hana."

Mogesi alidhani amesikia vibaya. Kisha akadhani wanamtania, maana watu wa mjini wana utani wao. Akatabasamu akingoja wacheke. Hakuna aliyecheka.

"Sikuacha," akasema. "Niliaga."

"Kuaga ndiko kuacha, mama."

"Ngoja, mwanangu. Nieleweshe polepole." Akawaonyesha wenzake kwa kidole. "Hawa wamekaa mpaka wakafukuzwa, ndio mnaowalipa?"

"Hawakufukuzwa, wameachishwa..."

"Wameambiwa watoke au hawakuambiwa?"

"Wameambiwa."

"Na huyu anayelala zamu mmempa?"

Afisa akamtazama mlinzi.

"Na mimi niliyekuja na kuku, nikaomba njia kwa heshima, ndio mnaninyima? Mnamlipa mtu kwa kungoja kufukuzwa?"

Yule afisa hakuwa mtu mbaya. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mwisho akasema, "Ndiyo, mama. Sheria ndivyo ilivyo."

Philomena aliingiza bahasha yake kifuani, akaitoa, akaiingiza tena kama mtu aliyeshika kitu cha wizi. Ponsiano alikuwa amegeuka rangi. Ndiye aliyekula yule kuku. "Mama," akasema, "wiki tatu tu. Laiti ungengoja wiki tatu tu!"

"Mbona hukunizuia?"

"Mimi mwenyewe nilikuwa sijui."

Na ni kweli hakujua. Hiyo ndiyo iliyomuumiza Mogesi kuliko yote, kwamba hapakuwa na mtu wa kumkasirikia. Ponsiano aliandika barua Musoma kumwombea, barua ndefu ya kurasa mbili. Jibu lilikuja baada ya wiki sita, nalo lilikuwa la mistari mitatu. Hapana.

Siku zile Mogesi alikaa uani hajui afanye nini na mikono yake. Chakula kilimshinda. Wakati mwingine angesema ghafla, peke yake, "Mtu anangoja kufukuzwa!" kisha anatikisa kichwa na kuanza upya kushangaa, kana kwamba ndiyo kwanza anaambiwa. Robi alijaribu kumfariji. Lakini Robi naye hakukaa, kwa sababu habari ilifika Itiryo haraka kuliko barua ya Musoma. Kisyeri alikuja mwenyewe na mkongojo wake, akasema mimba ya kwanza binti huzalia kwa mama yake, akamchukua. Jambo hilo lilikuwa la kawaida, na Mogesi hakuweza kulikatalia. Aliwatazama wakishuka kilima, Robi akigeuka nyuma kila hatua chache.

Mtoto alizaliwa wa kiume. Ujumbe ulifika baada ya wiki mbili, si wa furaha: ama Mogesi alete ng'ombe saba, ama aje aseme mbele ya wazee kwamba ameshindwa.

Ujanja wa Kisyeri ulikuwa kwenye hilo neno aseme. Mapatano ya ndoa ile yalikuwa hivi: anayevunja ndiye anayepoteza. Mogesi akivunja, ng'ombe wake watano wameliwa. Kisyeri akivunja, au akiwazuia binti na mtoto bila Mogesi kusema ameshindwa, atawarudisha wote watano. Naye Kisyeri hakuwa nao. Alikuwa amekwisha kuwatoa kumwolea mwanawe mke, na sasa walikuwa wanalala katika zizi la watu wengine. Alihitaji kwamba Mogesi aseme kwa kinywa chake.

Mogesi naye alikuwa tayari kusema. Ndivyo alivyokuwa, huwezi kumbadilisha. Hana ng'ombe saba, hatawapata. Mtu mwenye adabu hangoji wazee wamwaibishe. Aliondoka Nyamwaga alfajiri, njia nzima akiyapanga maneno yake: nimeshindwa, nawashukuru, naomba njia. Alifika Itiryo jua limeanza kuinama. Robi alimkimbilia, akapiga magoti, akamwekea mtoto mikononi. Mtoto alikuwa na paji la uso la Robi na usingizi mzito, na bado hakuwa na jina. Mogesi alimshika mpaka giza likaingia.

Asubuhi wazee wakakaa. Kisyeri, ndugu yake Mniko, na wengine wawili. Mogesi akapewa kigoda, mtoto bado mapajani mwake.

"Tunakusikiliza, mama," akasema Kisyeri, kwa upole mkubwa. Upole ule ulizidi. "Sema tu. Hakuna atakayekulaumu. Ukitaka kuaga, aga kwa amani."

Mogesi akafungua mdomo. Maneno yalikuwa yamejipanga vizuri, yote matatu. Kisha akatazama uso wa Kisyeri, akaona jinsi anavyoyangoja, jinsi alivyoinama mbele kidogo kuyapokea. Mungu wangu, nataka kuaga tena! Mara ya pili, kwa mdomo wangu, kwa hiari yangu mwenyewe!

Akafunga mdomo.

"Mama?"

"Nimekuja kumwona mtoto," akasema Mogesi. "Sina neno jingine."

Wazee wakangoja. Hakuongeza kitu. Siku ile akalala pale, na siku iliyofuata akaamka akasaga ulezi na wanawake wa boma, akafagia, akamwogesha mtoto. Siku ya tatu alikwenda na Robi kuchota maji. Siku ya nne alipalilia migomba ya Kisyeri, safi, kuliko ilivyowahi kupaliliwa. Mgeni hafukuzwi, na Kisyeri alikuwa mtu wa kujali majirani watasemaje. Kila jioni alikuja akakaa karibu, akakohoa, akazungumzia mvua na hali ya njia, akasifu jinsi kesho patakavyokuwa pazuri kwa kusafiri. Mogesi alikubaliana naye kila neno na hakuaga.

Siku ya sita Kisyeri alishindwa. Aliwaita tena wazee, akasimama mbele ya kigoda cha Mogesi.

"Mama, utaondoka lini?"

"Sijui."

"Mbona huagi?"

"Kuaga nimekoma," akasema Mogesi. "Nifukuze."

"Nini?"

"Nifukuze wewe. Sema mbele ya hawa wazee: Mogesi, toka kwangu, ndoa ya binti yangu imekwisha. Nitatoka sasa hivi. Kisha unipe ng'ombe wangu watano."

Kisyeri alimgeukia Mniko apate msaada, na Mniko, ndugu yake wa tumbo moja, alikuwa ameziba uso kwa viganja, mabega yanatikisika. "Mura, ndugu yangu," akasema Mniko alipoweza kupumua, "umeshikwa. Una ng'ombe watano wewe?"

"Wako wapi!"

"Basi kaa kimya."

Hakukaa kimya. Alizunguka ua mara mbili, akalaani siku aliyopokea ng'ombe wa mwanamke, akalaani ushirika na waliouvunja. Mogesi alimwacha azunguke. Mwisho Kisyeri akasimama akamwita Robi kwa sauti kubwa, akamwambia afunge vitu vyake. Wale saba, akasema, bado anawadai, na atawadai mpaka kaburini, mmoja kila baada ya mavuno.

"Nadaiwa," akasema Mogesi. "Sikatai hata kidogo."

"Na jina?"

"Heche."

Kisyeri akatema mate chini, kisha akatikisa kichwa kukubali. Robi alikuwa ameshafunga kila kitu, maana hakuwa amefungua kitu tangu alipoletwa pale. Akambeba mtoto mgongoni. Lakini Mogesi bado alikuwa amekaa juu ya kigoda.

"Sasa unangoja nini?" akasema Kisyeri.

"Nataka kujua kwanza. Unanifukuza?"

"Sikufukuzi!" Kisyeri alipiga kelele mpaka watu wa boma la pili wakatoka nje kusikiliza. "Nani amesema nimekufukuza? Mniko, wewe ni shahidi! Nakusindikiza!"

Akanyakua mkongojo wake, akatangulia, akatembea nao mpaka ng'ambo ya mto, na kila waliyekutana naye njiani alimsimamisha akamwambia kwamba anasindikiza wageni wake.